Waliingia Wangapi? Kisa cha Dada na Chuo Chenye Asilimia 96

Mhusika wa kisa hiki ameridhia kiandikwe. Jina lake, mji anaoishi na majina ya vyuo vyote nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya familia nimeyabadilisha ili asitambulike hata na watu wa jumuiya yake. Nitamwita Dada, maana ndivyo ninavyomwita siku zote. Mimi mwenyewe ni muuguzi, nilianzia koleji ya jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) kama yeye, na nilikuwa naye mezani wakati wa kuamua asomee wapi uuguzi. Kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Usuli

Dada alifika Texas akitokea Tanzania, akiwa na miaka ishirini na ushei. Kama wengi wetu alianza kwa kubeba maboksi ghalani, baadaye akasoma kozi fupi ya CNA, msaidizi wa muuguzi, na kuingia nyumba ya wazee, zamu ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi. Mume wake anaendesha lori la masafa marefu. Anaondoka Jumapili, anarudi Ijumaa Mungu akijalia. Watoto ni wawili.

Koleji ya jamii aliianza mwaka 2017, somo moja moja kadiri mfuko ulivyoruhusu. Muhula wa kwanza wa mwaka ule alichukua Anatomia na Fiziolojia ya Kwanza akapata B. Naomba msomaji aikumbuke hiyo B ya mwaka 2017, tutakutana nayo tena. Kisha akapata mimba ya mtoto wa pili, akasimama. Aliporudi 2020 alienda kwa kasi: Anatomia ya Pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia, lishe, Kiingereza cha uandishi. Ilipofika Oktoba 2022 alikuwa na krediti 51 (vipimo vya masomo aliyomaliza) na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.4 kati ya 4. Alikuwa amefika njia panda.

Kwa wasioufahamu mfumo wa Marekani, njia kuu za kuwa RN, muuguzi aliyesajiliwa, kwa mtu aliye koleji ni mbili. Unaweza kubaki hapo hapo ukasoma ADN, digrii ya miaka miwili, au ukahamia chuo kikuu ukasoma BSN, shahada ya kwanza. Zote mbili zinakupeleka kwenye mtihani mmoja, NCLEX-RN, na leseni ni ile ile. Tofauti huonekana ukishaanza kutafuta kazi na kupanda cheo. Mwaka 2010 taasisi ya kitaifa ya tiba ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020, na tangu hapo hospitali kubwa nyingi hupendelea mwenye BSN, au humwajiri wa ADN kwa sharti kwamba ataimalizia. New York walitunga sheria mwaka 2017 inayowapa wauguzi wapya miaka kumi kuipata. Texas haina sheria ya namna hiyo.

Kwenye jumuiya zetu haya yote hufupishwa kuwa sentensi moja: "Usipoteze muda na ADN, nenda BSN moja kwa moja." Dada alikuwa ameisikia sentensi hiyo kwa watu wasiopungua kumi. Wengi wao hawakuwa wauguzi.

Simu za kila wiki

Kwenye maonyesho ya vyuo, Dada aliandika namba yake ya simu katika karatasi ya chuo kikuu kimoja cha binafsi kilichoko mjini kwao. Tangu siku hiyo afisa udahili akawa anampigia kila wiki, mpole, mchangamfu, anauliza hali ya watoto, anaongea kama shemeji anayetaka kukukopa. Alimwambia mambo manne. Krediti zake zote 51 zitapokelewa. Wahitimu wao wanafaulu NCLEX kwa asilimia 96. Ada isimtie hofu, FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu) itashughulikia. Na kwamba nafasi za kundi linalofuata zinakaribia kwisha, hivyo alipe amana ya dola 500 kabla ya Ijumaa.

Kipeperushi alinionyesha kwenye arobaini ya mzee mmoja wa kwetu, tukiwa jikoni tunapakua wali. Akaniuliza, "Kaka, nilipe?"

Nikamwambia asilipe kwanza. Nikamwuliza, hiyo asilimia 96 ni ya watu wangapi, na walipoanza waliingia wangapi?

Akanitazama kama nimemwuliza bei ya nyanya sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Kwake swali halikuwa na maana. Asilimia 96 ni asilimia 96. Na lazima niseme kwamba kwa mwaka ule ilikuwa namba ya kung'aa kweli. Mwaka 2022, wastani wa nchi nzima kwa waliosomea Marekani na kufanya NCLEX-RN kwa mara ya kwanza ulikuwa kama asilimia 80. Chuo kilichofikisha 96 katika mwaka mbaya namna hiyo, ama kinafundisha vizuri sana ama kinachuja sana. Kipeperushi hakikutofautishii hayo mawili.

Tulichokagua, na kwa mpangilio gani

Tulianza na Bodi ya Uuguzi ya Texas, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni na ndiyo isiyouza kitu. Tovuti yake ina orodha ya programu zote zilizoidhinishwa pamoja na hadhi ya idhini. Pia ina jedwali la ufaulu wa kila chuo kwa miaka kadhaa, likionyesha idadi ya waliofanya mtihani na waliofaulu. Bodi inadai angalau asilimia 80 ya wanaofanya kwa mara ya kwanza wafaulu.

Chuo kilikuwemo na idhini yake ilikuwa kamili. Waliofanya walikuwa 27, waliofaulu 26. Kwa hiyo asilimia 96 haikuwa uongo.

Baada ya hapo tukaangalia ithibati. Watu huchanganya ithibati na idhini ya Bodi. Idhini ya Bodi hukuwezesha kufanya mtihani na kupata leseni. Ithibati, ile ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi, utaihitaji mbele ya safari: vyuo vingi vya uzamili havitakupokea kama ulisoma programu isiyo na ithibati, na hospitali za maveterani za serikali kuu huidai kabla ya kukuajiri. Chuo hiki kilikuwa nayo, ya CCNE. Tulithibitisha kwenye tovuti ya CCNE yenyewe, maana nembo kwenye kipeperushi mtu yeyote anaweza kuibandika.

Hapo Dada akaona kazi imekwisha. Kwa watu wengi huwa inaishia hapo, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa halali, ningemwelewa kama angelipa.

Ila lile swali langu lilikuwa halijajibiwa. Waliingia wangapi? Dada alimwandikia afisa udahili, akajibiwa kwa kipeperushi kile kile. Akaandika tena, akaambiwa taarifa hizo ni za ndani. Jibu tulilipata kwa njia isiyo rasmi, nalo lilikuwa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe: picha ya sherehe ya kuvishwa makoti meupe ya kundi lile lile, miaka miwili nyuma, ikiwa na maelezo ya fahari kwamba wanafunzi 48 wanaanza safari ya uuguzi.

Wakaingia 48, wakafanya mtihani 27, wakafaulu 26.

Hatukusema hapo hapo kwamba 21 wamefeli. Watu huhama, hujifungua, huishiwa ada, huugua. CCNE wenyewe wanataka angalau asilimia 70 wamalize, lakini chuo ndicho kinachochagua kuanza kuhesabu kuanzia hatua ipi, na kinaruhusiwa kuwatoa kwenye hesabu walioondoka kwa sababu fulani fulani. Tulichoamua ni kwenda kuwatafuta hao 21, au mtu anayewajua.

Maegesho, saa kumi na mbili asubuhi

Jumanne moja ya Januari 2023, Dada alitoka zamu mapema kidogo akanikuta kwenye maegesho ya jengo la uuguzi la chuo kile. Baridi ilikuwa kali. Wanafunzi walikuwa wanashuka kwenye magari, nguo za kazi rangi moja, kahawa mkononi, nusu wamelala. Sisi tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili kama ni adabu kumsimamisha mtu anayewahi maabara.

Nyuma yetu sauti ya kike ikasema, "Nyinyi ni watu wa Bongo?"

Alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa muhula wa mwisho. Alitupa dakika saba, akiwa amesimama mlango wa gari ukiwa wazi. Nilichokiandika kwenye simu yangu baadaye ni hiki: "Hapa kuingia si shida. Shida ni kutoka."

Akaeleza. Muhula wa mwisho kuna mtihani wa kutabiri kama utafaulu NCLEX, unaotungwa na kampuni ya nje, na chuo kimeweka alama ya juu ya kuuvuka. Usipovuka, hata kama umefaulu masomo yote, chuo hakipeleki jina lako Bodi. Unakaa. Unalipia somo la marudio, unaufanya tena. Yeye alikuwa ameufanya mara moja akakosa kwa alama chache. Aliwajua watu wanne waliokuwa wamekaa zaidi ya mwaka mmoja hivyo, wamemaliza kila kitu, mikopo imeanza kudai, leseni hawana. Wengine waliondoka mapema zaidi, kwa sababu kanuni ya chuo ni kwamba ukipata chini ya 77 katika masomo mawili ya uuguzi, umetoka, hakuna kujadiliana.

Dada akamwuliza kama anajuta. Akafikiri. "Walimu ni wazuri sana. Lakini mimi sina watoto. Wewe uko na watoto?"

Alipofunga mlango akatukumbusha tusimtaje. Hatukumtaja.

Wiki ya mwisho ya Januari hiyo hiyo ndipo serikali ya Marekani ilipotangaza kuwashitaki watu 25 kwa kuuza diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600 kupitia shule za Florida. Simu za Dada zikajaa. Mama mkwe alipiga kutoka Morogoro akisema aachane kabisa na vyuo vya binafsi. Habari hiyo ilituchelewesha bila faida. Chuo tulichokuwa tunakikagua hakikuwa na uhusiano wowote na mambo ya Florida. Kilikuwa halali kabisa. Tatizo letu lilikuwa jingine: chuo halali, chenye walimu wazuri, kinaweza kuwa hakikufai wewe.

Krediti na fedha

Dada aliomba tathmini ya krediti kwa maandishi, somo kwa somo. Afisa akasita, akasema hiyo hufanyika baada ya amana. Dada akasema basi hakuna amana. Tathmini ikaja ndani ya siku nne.

Krediti 51 zilikuwa zimepokelewa zote, kama alivyoahidiwa. Zilizohesabika kwenye shahada ya uuguzi zilikuwa 40. Lishe, krediti 3, haikuhesabika kwa sababu wao wana somo lao la lishe la juu. Kompyuta 3, haimo kwenye mpango wao. Kemia 4, walitaka kozi nyingine yenye maabara tofauti. Semina ya mwaka wa kwanza, 1. Halafu palikuwa na masomo mawili ya dini, krediti 6, ambayo kila mwanafunzi wa chuo kile lazima ayasome. Kupokelewa na kuhesabika ni vitu viwili, na afisa udahili alikuwa ametumia kile kimoja kwa makini sana.

Fedha ndiyo ilimfanya Dada anyamaze. Kipeperushi kilionyesha dola elfu 58 kwa mihula mitano, yaani kama elfu 23 kwa mwaka, kabla ya vitabu, sare na ada ya mitihani ya ile kampuni ya nje. Kauli ya "FAFSA itashughulikia" tuliikalia kwa kalamu. FAFSA ni fomu tu, haina hela. Inachofungua ni Pell, ruzuku ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2023–24 kilikuwa dola 7,395, na kwa kipato cha mume wake Dada angepata kama 4,000. Pia inafungua mkopo wa serikali kuu, ambao mwanafunzi anayejitegemea, mwaka wa tatu na kuendelea, haruhusiwi kuvuka 12,500 kwa mwaka. Jumla 16,500. Pengo la karibu elfu 7 kila mwaka lingezibwa na mkopo wa benki, wenye mdhamini. Mdhamini nani? Mume mwenye mkopo wa lori.

Uamuzi

Kufikia Februari 2023 Dada aliamua mambo matatu. Asilipe amana. Aombe chuo kikuu cha umma kilicho mwendo wa saa moja kwa gari, ambacho ada yake kwa mkazi wa Texas ilikuwa chini ya nusu ya ile ya binafsi. Na aombe vilevile ADN kwenye koleji yake mwenyewe, kama akiba.

Sababu zake alizitaja mwenyewe, nami nazinukuu kwa sababu zilikuwa bora kuliko zangu. Alisema anaweza kufeli mtihani mmoja, hilo halimwogopeshi, lakini hawezi kukaa mwaka mzima akisubiri kuruhusiwa kufanya mtihani huku mkopo unadai. Mtu asiye na watoto anaweza kubahatisha hivyo. Yeye hawezi.

Koleji yake tuliipima kwa kipimo kile kile: mwaka ule walifanya NCLEX 112, wakafaulu 95, yaani asilimia 85 hivi. Walioingia, kwa mujibu wa mratibu wa programu aliyejibu barua pepe siku ile ile, walikuwa 130. Ukigawanya waliofaulu kwa walioingia, koleji inatoa 73 katika kila mia, na chuo cha asilimia 96 kinatoa 54. Mratibu aliongeza bila kuulizwa kwamba mtihani wa kutabiri wanao pia, lakini kwao unachangia alama za somo la mwisho tu, haumzuii mtu.

Chuo cha umma hatukukipima hivyo. Nitarudi hapo.

Matokeo

Machi 2023 bahasha kubwa ikaja kutoka chuo cha umma. "Hongera!" Mume alikuwa nyumbani, wakapika pilau, wakapiga picha na barua, picha ikaenda mpaka Tanzania. Nilialikwa. Nilisoma barua ile nikiwa na sahani mkononi na moyo ukashuka, maana ilisema amekubaliwa chuoni katika hadhi ya kujiandaa kwa uuguzi. Hiyo siyo shule ya uuguzi. Vyuo vikuu vingi Marekani vina milango miwili: unaingia chuo, halafu unaomba upya kuingia uuguzi, na mlango wa pili ndio mwembamba. Nilikuwa najua hilo. Sikumwambia siku zile za Februari kwa sababu nilidhani anajua, na siku ya pilau sikuwa na ujasiri.

Aprili barua ya pili ikaja, ya ukurasa mmoja. Ombi lake la uuguzi halikushindanishwa kabisa. Halikukamilika. Masomo ya sayansi yalitakiwa yasizidi miaka mitano, na Anatomia ya Kwanza alikuwa ameisoma 2017.

Sharti hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa pili wa mwongozo wa maombi. Hatukuufungua.

Dada hakulia. Aliniambia tu, "Kaka, tulikwenda mpaka kwenye maegesho ya watu alfajiri, na karatasi iliyokuwa kwenye simu hatukuisoma." Sikuwa na la kusema.

ADN ilimpokea mwezi uliofuata. Wao walikubali sayansi ya hadi miaka saba. Alianza Agosti 2023. Koleji ilikuwa na mkataba na chuo kikuu kingine cha umma unaomruhusu mwanafunzi wa ADN kuchukua masomo ya BSN kwa mtandao sambamba, hasa wakati wa kiangazi, na Dada akajiunga nao kuanzia mwaka wa pili. Alihitimu ADN Mei 2025. Alifanya NCLEX mwanzoni mwa Julai; kompyuta ilimzimikia kwenye swali la 85, ambayo ndiyo idadi ya chini kabisa ya maswali, na kuzima hapo humaanisha umefanya vizuri sana au vibaya sana. Siku mbili alizosubiri alikuwa anaosha vyombo safi. Alifaulu. BSN aliimaliza Desemba 2025. Deni lake lote la masomo liko chini ya dola elfu 15.

Lazima niseme na upande mwingine. Mfanyakazi mwenzake wa nyumba ya wazee, kijana asiye na mke, mwenye digrii ya sayansi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, alilipa ile amana ya dola 500. Alivuka mtihani wa kutabiri mara ya kwanza, akahitimu kwa wakati, akafaulu NCLEX, na anafanya kazi kwenye hospitali kubwa kuliko aliyopo Dada. Ana deni kubwa na halimsumbui sana. Chuo kile kilimfaa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Swali la walioingia ndilo lililobeba kazi yote. Asilimia ya ufaulu hukuambia habari za waliofika mlangoni mwa chumba cha mtihani, na chuo kinaweza kuipandisha bila kufundisha vizuri zaidi hata kidogo, kwa kupunguza wanaofika mlangoni. Ukiwa na namba tatu, walioingia, waliofanya, waliofaulu, unaona pale watu wanapopungukia. Chuo kinachojibu swali hilo siku ile ile kimekwisha kukuambia mengi, na kinachosema ni siri za ndani nacho kimekuambia.

Hapa niongeze onyo ambalo kwenye kisa hiki halikutokea, ila nimeliona mara kadhaa tangu hapo. NCLEX ilibadilishwa muundo Aprili 2023, na wastani wa kitaifa ukapanda kutoka kama 80 mwaka 2022 hadi karibu 89 mwaka 2023 na 91 mwaka 2024. Vyuo vinavyojisifu kwamba ufaulu wao "umepanda kwa pointi kumi" ndani ya miaka hiyo vimepandishwa na maji kujaa kama mashua zote bandarini. Linganisha chuo na wastani wa mwaka ule ule.

Kugoma kulipa kabla ya tathmini ya maandishi kulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Na maegesho nayo yalifanya kazi, ingawa kwa bahati. Bila Kiswahili chetu cha kubishana, yule Mkenya asingesimama. Siku hizi namshauri mtu aende kwenye chumba cha kulia chakula saa saba mchana, kuna joto na watu wamekaa.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa kubwa ni kwamba tulikuwa wakali kwa chuo tulichokishuku na wapole kwa chuo tulichokipenda. Chuo cha umma kilikuwa na jina, rangi zake zinavaliwa na nusu ya mji siku ya mpira, ada nafuu. Tukakipa heshima badala ya maswali. Kama tungekiuliza hata nusu ya yale tuliyouliza cha binafsi, sharti la miaka mitano lingejitokeza Novemba, na Dada angerudia Anatomia muhula uliofuata.

Je, angekubaliwa? Sina hakika. Mlango ule wa pili unashindanisha watu kwa alama za sayansi na HESI, mtihani wa kuombea nafasi ya uuguzi, na 3.4 si alama ya kujivunia kule. Huenda matokeo yangekuwa yale yale, tofauti ikawa ni barua nyingine.

Kosa la pili ni langu peke yangu, la kunyamaza kuhusu milango miwili. Anayeujua mfumo husahau kwamba mwenzake haujui.

La tatu hatukulijua mpaka lilipotokea. Muhula wa pili wa ADN mazoezi ya wodini yalianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku mbili kwa wiki, hospitali iliyoko upande wa pili wa mji. Dada alikuwa bado na zamu ya usiku. Siku hizo aliomba kutoka saa kumi na moja. Asubuhi moja alisimama kwenye taa nyekundu, na alipozinduka taa ilikuwa imeshageuka kijani mara mbili na honi zinalia nyuma yake, mguu ukiwa bado kwenye breki. Akahamia zamu za Jumamosi na Jumapili tu, kipato kikashuka karibu nusu, na mume akaongeza safari.

Tulikagua ithibati, ufaulu, krediti na mkopo mpaka senti ya mwisho. Hatukumwuliza mtu hata mmoja, katika vyuo vyote vitatu, mazoezi ya wodini ni siku gani, saa ngapi, na hospitali iko wapi. Kwenye karatasi ninayowapa watu sasa, hilo ndilo swali la kwanza, na lile la walioingia limeshuka hadi namba mbili.